Maana ya Kunguru

Mwalimu Husseini alipopelekwa kufundisha Kiswahili katika shule ya kati ya Kidundwa, kijiji kilicho nyuma ya Mzenga, hakukuta nyumba ya mwalimu. Walimwonyesha mahali ilipotakiwa iwe: nguzo na fito zimesimama bila udongo, mbuzi wamelala katikati. Jumbe Mwinyimadi akasema mgeni wa serikali halali nje, akampa chumba cha pembeni katika nyumba yake mwenyewe. Upande mmoja chumba kilipakana na ghala ya pamba, upande wa pili na baraza ambapo Jumbe hukaa na watu wake. Alipewa kitanda, godoro la sufi na taa ya kandili, na chakula chake kilitoka jikoni kwa Bi Biasha, mke mkubwa wa Jumbe.

Husseini alishukuru kwa moyo. Alikuwa kijana wa Dutumi, mtoto wa mjane, na kazi ya ualimu ndiyo iliyokuwa ikimlisha mama yake. Hakuwa na sababu ya kumlaumu Jumbe kwa lolote. Jumbe alimwita mwanangu, alimwuliza afya yake kila asubuhi, na homa ilipomshika wakati wa masika ndiye aliyetuma mtu kumletea dawa.

Lakini dirisha la chumba lilikuwa moja tu, nalo lilifungukia barazani. Akisoma kwa sauti, Jumbe alisikia. Akipata mgeni, Jumbe alimkaribisha kwanza, akamhoji, kisha akamruhusu apite. Alipotaka kwenda Dutumi kumwona mama yake ilimbidi aage, na kila alipoaga, Jumbe alikuwa na neno: wiki hii mto umejaa, wiki ijayo kuna ugeni, subiri mavuno. Hakukataliwa hata mara moja, na ulipokwisha mwaka wa kwanza alikuwa hajakwenda.

Huo ulikuwa mwaka hamsini na sita. Serikali ilikuwa imeamuru kila kijiji kiwe na shamba la muhogo la akiba, nalo watu waliliita shamba la njaa. Pale Kidundwa lililimwa na wanawake. Siku ya zamu, kabla hawajainua majembe, Jumbe alifika amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, akasimama ukingoni mwa shamba, akaomba dua ya mvua na baraka. Wanawake waliitikia amina, kisha wakainama wakalima mpaka jua kali. Muhogo ulipomenywa na kukaushwa, makopa yake yalitakiwa yawekwe katika ghala ya kijiji kwa ajili ya mwaka mbaya. Ghala ya kijiji ilikuwa tupu, na kila mtu alijua hivyo, ila hapakuwa na mtu aliyewahi kuuliza kwa sauti.

Husseini alipenda kufundisha mafumbo kuliko kitu kingine chochote. Mjomba wake, aliyekuwa akisomesha chuo cha Kurani kule Dutumi, alimfundisha utotoni kwamba neno lina nje na ndani. Nje ni ya mpita njia, ndani ni ya mwenye nyumba. Lakini darasa la saba lilimchosha. Akiwaambia watoto watunge tashbihi, waliandika mweusi kama mkaa, mrefu kama mnazi, mweupe kama pamba. Siku moja aliweka chaki chini.

"Haya yote yalitumika kabla hamjazaliwa," aliwaambia. "Nendeni nyumbani mkasikilize. Mtu akisema kitu na moyoni anasema kingine, hilo ndilo ninalolitaka. Kila mmoja aniletee lake, asinakili kwa mwenzake."

Kesho yake darasa lilichangamka. Mtoto mmoja alisema babu yake akimwona amechelewa kuamka humwambia jua limemkalia mgongoni. Mwingine alisema mama yake, kuni zikiwa mbichi, husema chungu leo kimenuna. Husseini aliandika yote ubaoni, akawaonyesha lipi ni tashihisi na lipi ni istiara, na kwa mara ya kwanza tangu afike aliona watoto wanabishana juu ya maneno bila kulazimishwa.

Kisha akasimama Mwamini, mmoja wa wasichana wachache wa darasa lile, binti ya Mwanaasha, mwanamke aliyeachwa na mume na kulima peke yake. Mwamini hakuwa msemaji. Alikunja mikono, akatazama ukuta, akasoma kama anayesoma hirizi:

"Kunguru kavaa kanzu,
kaja tuombea dua;
dua yake ina kucha,
vifaranga vyapungua."

"Umeusikia wapi?" aliuliza Husseini.

"Mama huuimba. Wanawake wote huuimba wakilima."

Husseini aliuandika ubaoni mstari kwa mstari. Furaha ilimpanda mpaka akasahau alipo. Hilo lilikuwa fumbo kamili, lililozaliwa palepale kijijini. Aliwageukia watoto. "Kunguru ana kanzu?"

"Hana. Ana weupe shingoni," walijibu.

"Hiyo ni nje. Ndani kuna nini? Nani kunguru, na vifaranga ni nini?"

Mkono mmoja ulikuwa juu kabla hajamaliza. Ulikuwa wa Kondo, mjukuu wa Jumbe, mtoto mwema aliyekuwa hapati swali hata moja la hesabu na aliyengoja kwa hamu siku ya kupata chochote. "Kunguru ni babu," alisema Kondo. "Na vifaranga ni muhogo."

Hakuna aliyecheka. Kondo alibaki amesimama, anatabasamu, anangoja aambiwe amepata. Mwamini aliinamisha kichwa akatazama vidole vyake. Husseini angeweza kusema umekosa. Neno lilikuwa ulimini. Lakini mtoto alikuwa amepata, tena vizuri kuliko wote, na mwalimu hakuweza kulitoa lile neno.

"Kaa chini, Kondo," alisema, akafuta ubao kabla kengele haijalia.

Jioni wanaume walikula barazani kama kawaida, sinia moja la ugali wa muhogo na mchuzi wa samaki mkavu. Kondo alikuwa pembeni ya babu yake. Hakuwa na ubaya. Alitaka tu kusikiwa. Akaeleza kwamba leo mwalimu aliuliza fumbo gumu na ni yeye peke yake aliyelifumbua. Akaimba wimbo wote, ule alioleta Mwamini. Akasema na jibu.

Jumbe hakuacha kula. Alimega tonge, akalichovya, akatafuna mpaka akamaliza. Kisha akamtazama Husseini.

"Mtoto alipata?"

"Tulikuwa katika mazoezi ya mafumbo, Jumbe."

"Nimekuuliza, mwanangu. Alipata au alikosa?"

"Sikumwambia kwamba amepata."

"Wala kwamba amekosa."

"Wala kwamba amekosa."

"Haya," alisema Jumbe, akasogeza bakuli la mchuzi karibu na mgeni wake. "Kula."

Asubuhi tarishi wa Jumbe alimchukua Mwanaasha shambani akiwa na jembe mkononi, akamfungia katika ghala ya pamba. Kosa lake, walisema, ni kumtukana mtu wa serikali mbele ya watu. Angoje humo mpaka Liwali atakapopita kusikiliza mashauri.

Ghala ile ilitenganishwa na chumba cha Husseini kwa ukuta wa miti na udongo tu. Vumbi la pamba lilimkera kifua Mwanaasha, na alikohoa. Husseini alisahihisha madaftari akimsikia. Alijaribu kupeleka kiti upande wa pili wa chumba, lakini upande wa pili ulikuwa na dirisha, na nje ya dirisha alikuwapo Jumbe, akisema na watu wake kwa ile sauti ya upole isiyobadilika. Basi alibaki katikati, kwenye kitanda.

Kila asubuhi Mwamini alileta uji katika kijungu. Alisimama kando ya ghala akimngoja Bi Biasha aje na ufunguo. Akishampa mama yake, alitembea kwenda shule nyuma ya mwalimu wake, na walipofika alimwamkia kama siku zote: "Shikamoo, mwalimu." Husseini angependa atukanwe.

Alikwenda kwa mwalimu mkuu kutaka ushauri. Mwalimu mkuu alikuwa amebakiza muda mfupi kustaafu. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango, akasema, "Sema ni ndege, au sema ni Jumbe, utakavyoona. Ila shule usiitaje. Na mimi usinitaje."

Akaenda kwa Jumbe kuomba ruhusa ya kwenda Dutumi. Alisema mama yake anaumwa, na haukuwa uongo, kwani mama yake aliumwa miguu siku zote.

"Utakwenda," alisema Jumbe. "Baada ya baraza. Liwali atakutaka wewe. Nani mwingine hapa anajua mafumbo? Wimbo ni wa kisirisiri, yule mwanamke atasema ameimba kunguru. Basi mwalimu wa serikali ataapa, atasema maana yake, na shauri litakwisha." Alitengeneza kofia yake kichwani. "Mimi sikuoni vibaya. Ulifundisha kazi yako. Lakini siku hizi bomani wanauliza sana habari za walimu. Wanauliza nani kachukua kadi ya chama. Mimi huwajibu, huyu wa kwangu nyumbani hana maneno, ni mtoto wangu. Nitaendelea kuwajibu hivyo. Ila na mimi nisaidie niwe na la kuwajibu."

Husseini hakuwa amechukua kadi yoyote. Alifungua mdomo aseme hivyo, akaona kwamba hata akisema, hakuna kitakachobadilika, kwa sababu atakayeulizwa si yeye.

Ijumaa, baada ya swala, Jumbe alibaki msikitini kusuluhisha ugomvi wa mahari. Husseini aliwahi kurudi. Bi Biasha alikuwa amekaa mlangoni pa ghala akimenya muhogo. Alimwona mwalimu anavyozubaa pale uani, akachukua ungo wake, akaingia jikoni bila kusema neno.

Husseini alisogea kwenye ukuta. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu." Sauti ya Mwanaasha ilikuwa imekauka. "Umetoka kuswali?"

"Nimetoka."

"Mimi humu sijui kibla kiko wapi. Naelekea kwenye upenyo wa mwanga, basi. Mungu atajua."

Husseini alisema alilokuwa amelipanga. Siku ya baraza ataapa kwamba wimbo ni wa ndege. Kunguru huiba vifaranga, kila mtu anajua. Liwali atacheka, shauri litaanguka, naye atarudi kwa watoto wake.

Mwanaasha alikohoa kwa muda. Kisha akauliza, "Na shamba?"

"Shamba lipi?"

"Shamba la njaa. Ukisema ni ndege, siku ya zamu tutarudi palepale, atakuja na dua yake, tutalima, makopa yatakwenda yanakokwenda. Na wimbo hatutakuwa nao tena, maana mwalimu kaapa ni wa ndege. Tutalima kimya."

"Nikisema ni Jumbe, utafungwa."

"Najua."

"Sasa unataka niseme nini?"

"Mimi sikukuita, mwalimu. Wimbo uliutaka wewe. Ulimtuma mwanangu aje auchukue nyumbani, ukauweka ubaoni, watoto wakauona. Umeshautoa shambani, siwezi kuurudisha." Sauti yake ikasogea karibu na ukuta. "Sikufundishi la kusema. Ila usiyaue maneno yangu ili unifungulie mlango."

Jioni ile Bi Biasha mwenyewe ndiye aliyemletea chakula chumbani, maana Husseini alisema kichwa kinamwuma asingeweza kukaa barazani. Aliweka sahani juu ya sanduku, akasimama.

"Wimbo ule una kiitikio," alisema. "Mwamini hakukwambia?"

"Hakuniambia."

"Hakukisikia labda. Tunakiimba sisi tulio mstari wa nyuma. Mimi ndiye ninayekianzisha." Alifunika sahani vizuri. "Mimi nimeolewa humu tangu sijavunja ungo. Makopa yako uvunguni mwa kitanda changu, nayalalia. Kula, ugali unapoa."

Husseini aliutazama ule ugali kwa muda mrefu. Tangu alipofika alikuwa akiula kila siku. Hakuwahi kujiuliza muhogo unatoka wapi, au labda aliwahi, akaacha.

Liwali alifika Jumatatu kwa gari la serikali, mzee mnene mwenye ndevu nyeupe na macho ya mtu asiyelala vizuri. Baraza lilikaa chini ya paa la makuti mbele ya soko. Watu walijaa mpaka njiani. Darasa zima la saba lilikuwapo, limejipanga nyuma ya wazee, na mwalimu mkuu hakuonekana. Kondo aliketi miguuni pa babu yake. Hakuwa akitabasamu tena, shavu lake moja lilikuwa limevimba.

Mwanaasha alisimamishwa. Nyuzi za pamba zilikuwa zimemganda kwenye kanga. Liwali akamwuliza kama aliimba.

"Niliimba."

"Maana yake nini?"

"Maana yake anaijua kila aliyelima shamba lile."

"Na ambaye hakulima?"

"Huyo hakuimbiwa."

Watu walinong'ona. Liwali aliinua mkono, wakanyamaza. Akaitwa Husseini. Alipewa msahafu, akaweka mkono juu yake, akaapa. Alikuwa ameushika msahafu tangu utotoni, chuoni kwa mjomba wake, na hakuwahi kuuona mzito namna ile.

"Wewe ni mwalimu wa Kiswahili," alisema Liwali. "Tueleze wimbo huu."

Husseini alikuwa na njia moja aliyoitengeneza siku zote zile kitandani, naye aliishika. "Fumbo, Bwana Liwali, lina maana nyingi. Kila asikiaye hupata yake. Mmoja atasema kunguru ni ndege, mwingine atasema ni mwizi yeyote, mwingine atasema ni maradhi. Mwalimu hawezi kusema maana ni hii na si ile."

Liwali alimtazama kwa upole kidogo, kama anayemwona mtoto amejificha nyuma ya mlango na miguu inaonekana.

"Mwalimu, mimi nimezaliwa katika nyumba ya watunga mashairi," alisema. "Usinifundishe kwamba fumbo lina maana nyingi. Sikuulizi lina ngapi. Siku ile darasani uliuliza watoto maana. Walijibu?"

"Alijibu mmoja."

"Alisema kunguru ni nani?"

Husseini hakutazama upande wa Kondo, lakini alijua mtoto amekaza mwili wote. Akimtaja, atapigwa tena, na safari hii mbele ya kijiji kizima ataonekana ndiye aliyemtia babu yake aibu. Akisema hakumbuki, mkono uko juu ya msahafu. Akatafuta pa kupita, hakupaona. Mbele yake Liwali, kushoto Jumbe, kulia Mwanaasha, nyuma watoto aliowafundisha kwamba neno lina ndani.

"Alilosema mtoto liache, Bwana Liwali," alisema. "Mtoto hajaapa. Aliyeapa ni mimi."

"Basi wewe. Ulipousikia, ulielewa nini?"

"Nilielewa kwamba kunguru ni Jumbe Mwinyimadi."

Sauti kama ya upepo ilipita kwa watu. Jumbe hakusogea. Alimtazama mgeni wake, na usoni mwake hapakuwa na hasira bado, ila mshangao wa mtu aliyeumwa na mbwa wa nyumbani.

"Kwa nini yeye?" aliuliza Liwali. "Kanzu wanavaa wengi. Mimi pia nimevaa."

"Kwa sababu ya dua. Hakuna mwingine anayewaombea dua kabla hawajalima."

"Na kucha?"

Hapo ndipo angeweza kuishia. Alikuwa ameshajibu alichoulizwa. Jumbe angepata kesi yake, na Mwanaasha asingeweza kusema kwamba maneno yake yameuawa. Lakini nusu ya fumbo ilikuwa bado imefungwa, na hiyo nusu ndiyo iliyokuwa na uzito.

"Kucha ndizo zinazochukua muhogo," alisema Husseini. "Makopa ya shamba la njaa hayako katika ghala ya kijiji. Ghala ni tupu. Yako nyumbani kwa Jumbe. Najua kwa sababu nayala. Tangu nimefika Kidundwa nakula muhogo wa wanawake hawa, na mimi ni kifaranga kimojawapo au ni ukucha mmojawapo, sijui. Hilo ndilo nililolielewa."

Liwali alimtazama Jumbe. Kisha akamnong'oneza karani wake, na karani akaondoka na askari. Hawakuchukua muda. Ghala ya kijiji waliikuta ina panya na kamba. Nyumbani kwa Jumbe, Bi Biasha aliwafungulia mwenyewe, akawaonyesha uvunguni bila kuulizwa.

Hukumu ilitolewa kabla ya adhuhuri. Liwali aliisema polepole, na ilionekana haimpendezi yeye mwenyewe. Makopa yote yarudishwe katika ghala ya kijiji, na ufunguo ukae kwa wazee. Shamba la njaa ligawanywe, kila nyumba ilime sehemu yake. Jumbe ataandikiwa onyo. Na Mwanaasha, kwa kumtukana mtu wa serikali kwa wimbo mbele ya watu, atafungwa mwezi mmoja Kisarawe.

"Lakini ni kweli," alisema mtu mmoja nyuma.

"Tusi la kweli ni tusi," alijibu Liwali, akainuka.

Mwanaasha alipandishwa kwenye gari lilelile la serikali. Hakumtazama Husseini. Mwamini alikimbia pembeni ya gari mpaka lilipokolea mwendo, kisha akasimama barabarani katika vumbi.

Husseini alikuta sanduku lake nje, limefungwa vizuri kwa kamba, na kandili juu yake. Jumbe alikuwa ameketi barazani mahali pake.

"Shikamoo, Jumbe," alisema Husseini.

Jumbe alijibu marahaba, kwani hakuwa mtu wa kuvunja adabu. Akaongeza, "Ulipougua masika, nilikuwa nakupa uji wa nini, mwanangu?"

Husseini aliinama. Alibeba sanduku kichwani, akalala katika chumba cha darasa, juu ya madawati mawili aliyoyaunganisha.

Aliendelea kufundisha wiki zilizofuata, lakini lilikuwa darasa jingine. Akiuliza maana ya methali, mikono haikuinuka. Akimtaja mtu kwa jina, mtu alisimama akasema, "Sijui, mwalimu," akakaa. Alipowapa kazi ya kutunga tashbihi, walimrudishia mweusi kama mkaa na mweupe kama pamba, kwa mwandiko safi, bila kosa hata moja. Kondo alihamia dawati la nyuma na hakujibu swali lolote tena. Mwamini hakuja kabisa. Alikuwa nyumbani, akipikia wadogo zake na kulima kipande chao cha lile shamba. Husseini alimwona mara moja kutoka njiani, ameinama juu ya jembe. Wanawake walikuwa wametapakaa kila mmoja kwenye sehemu yake, mbalimbali, na hawakuwa wakiimba. Labda ni kwa sababu walikuwa mbalimbali. Hakuthubutu kuuliza.

Amri ya uhamisho ilikuja mwezi ulipokaribia kwisha. Alipelekwa shule ya msingi upande wa Kwala, afundishe hesabu na kilimo. Kiswahili hakikutajwa.

Siku ya kuondoka alingoja lori njiapanda. Lilifika likitoka Kisarawe, na watu walipoteremka alimwona Mwanaasha kati yao, amekonda, amejifunga kanga ya kuazimwa. Naye alimwona. Alikuja akasimama mbele yake, akaweka kifurushi chake chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wanakuhamisha?"

"Wananihamisha."

"Ulisema kweli, nikafungwa," alisema Mwanaasha. "Ungesema uongo ningelala kwangu usiku uleule. Huko nilikuwa nawaza hayo kila siku, napasua kokoto."

"Naam, mama."

"Nilikwambia usiyaue maneno yangu, na hukuyaua. Sikukwambia kwamba nitakushukuru."

"Hukuniambia."

Mwanaasha aliangalia njia ya kijijini. "Mwamini anakwenda shule?"

"Hajaja tangu siku ile. Mwalimu mpya anakuja wiki ijayo. Nimemwacha kwenye orodha, hakuna atakayemzuia."

"Atakuja Jumatatu," alisema Mwanaasha. "Nitamleta mwenyewe." Aliinua kifurushi chake, akashika njia ya kijijini bila kugeuka.

Utingo alimhimiza Husseini apande. Nafasi iliyobaki ilikuwa kati ya magunia ya mkaa na ubavu wa lori, na ilimlazimu akunje magoti mpaka kidevuni. Mzee mmoja aliyeketi juu ya gunia alimsaidia kuvuta sanduku.

"Mwalimu?" aliuliza mzee, akiangalia viatu vya Husseini.

"Mwalimu."

"Unakwenda kufundisha nini huko?"

"Hesabu."

"Afadhali," alisema mzee. "Hesabu haina maneno mengi."

Lori likaondoka. Husseini alijaribu kunyoosha mguu mmoja, akakuta hauna pa kwenda, akauacha ulivyo.